Nundu katika Shamba la Pimamaji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yalikuwa yamesimama kwenye shamba lote la bondeni, na kina chake kilikuwa kilekile kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenye shamba alikuwa ameshazunguka na rula ya mbao, akiitumbukiza hapa na pale, na kila mahali maji yaliishia kwenye mstari uleule. Sasa alisimama kando, suruali ameikunja hadi magotini, akimngoja binti yake aje ashuhudie.

Watu walimwita Pimamaji, kwa jina la kile kifaa cha mafundi chenye kiputo cha hewa ndani ya kioo. Kabla ya kustaafu, kazi yake ilikuwa kusawazisha mashamba ya umwagiliaji ya watu wengine. Alitumia kamba, koleo na jicho, na wenye mashamba walisema jicho ndilo lililokuwa halikosei. Nundu ndogo shambani ilimkera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Binti yake alifika amevaa mabuti ya mpira.

“Umeona?” Pimamaji akauliza.

“Nimeona, baba.”

“Ukiweka gololi hapa, itabaki hapo mpaka urudi kuichukua mwenyewe.”

“Ndani ya maji?”

“Maji yakikauka.”

Binti akacheka, akampongeza. Yeye alikuwa ameomba mifereji ifukiwe tu, ili maji ya mvua yasikimbilie mtoni kama yalivyofanya miaka yote shamba hilo lilipolimwa mboga. Baba yake alifukia mifereji, kisha akaona matuta ya zamani yamejitokeza. Kwa mtu wa kazi yake, kuyaacha vile kungekuwa sawa na kutoka nyumbani bila kufunga vifungo vya shati. Akayachonga yote. Binti aliliangalia shamba lililotandazwa kama shuka na hakuona kosa lolote. Kosa lilikuwepo, ila lilihitaji muda kujionyesha.

Binti huyo alikuwa mtaalamu wa wadudu, mwalimu wa chuo. Alitaka kumrudisha bondeni kipepeo mmoja wa bluu, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Kwenye kabati la chuo walikuwemo vipepeo hao waliokaushwa, wenye kibandiko kinachosema walikamatwa bonde hilohilo kabla halijalimwa. Walio hai walibaki kwenye kinamasi kimoja nyuma ya kilima. Kipepeo huyo hutaga kwenye mmea wa aina moja tu, wenye maua ya zambarau, unaopenda kusimama kwenye udongo wa maji. Wakulima walikuwa wameung'oa wote, kwa kuwa kwao ulikuwa gugu. Binti alileta mbegu zake kutoka kinamasini, akazipanda, zikaota. Wifi yake alipomwona mtu mzima mwenye shahada akipalilia magugu kwa upole, alimpa jina, na jina likashika: Mama Vipepeo.

Wiki hiyohiyo walikaa barazani kuzungumza, kwa sababu shamba la bondeni lilikuwa na mwombaji mwingine. Huyo alikuwa kaka yake mkubwa, mkulima wa kabichi, aliyelima shamba la juu na kulalamika kila mwaka kwamba udongo wake umechoka. Kaka aliishi hapohapo kwa baba yao, pamoja na mke wake, ambaye ndiye Wifi. Wifi alikuwa fundi cherehani, na baraza ndiyo ilikuwa karakana yake. Hata siku ya kikao hakusimamisha mashine.

“Sikatai shamba liwe la vipepeo wakirudi kweli,” Kaka alisema. “Lakini kipepeo ana mabawa. Anaweza kupita hapa akienda zake, wewe ukasema amehamia. Mimi nataka aliyezaliwa hapa.”

“Utajuaje amezaliwa hapa?”

“Nitamwona kwa macho yangu akitoka huko anakotokea.”

“Kaka, hata mimi niliyesomea kazi hii nimewaona wakitoka mara chache sana.”

“Basi utaniita.”

Pimamaji akakata shauri. “Misimu mitatu ya mvua. Msimu wa tatu, miche ya kabichi ikiwa tayari kutoka kitaluni na kaka yako hajamwona aliyezaliwa hapa, tunafukua mifereji. Akimwona, shamba linabaki la maji, na hatulizungumzii tena.”

“Na mimi nani ananikatia shauri?” Wifi aliuliza, macho yakiwa kwenye sindano. “Tangu mjaze maji huko chini, sukari yangu ina miguu.”

Alimaanisha sisimizi. Alikuwa amesimamisha miguu ya kabati ndani ya makopo ya maji, wakapitia ukutani. Akapaka mafuta ya taa ukutani, wakapitia darini. Hakuna aliyemjibu, kwani wote watatu waliliona hilo kuwa jambo la jikoni.

Msimu wa kwanza ulianza vizuri mno. Vipepeo wa bluu walivuka kilima na kutaga. Mayai yao, meupe kama chembe za chumvi, yalionekana kwenye maua kwa macho ya kawaida, na Kaka mwenyewe alikubali kwamba ni mayai. Viwavi wakaanguliwa. Mama Vipepeo alikuwa akitoka chuoni kila mwisho wa wiki, anafika bondeni hata chai hajanywa.

Kiwavi wa kipepeo huyo ana tabia isiyo ya kawaida. Anakula ua kwa wiki chache, kisha anajidondosha chini na kutulia, kama mgeni anayengoja kupokewa kituoni. Anaowangoja ni sisimizi. Mwili wake hutoa harufu kama ya watoto wao, kwa hiyo sisimizi humwokota na kumpeleka kiotoni. Humlisha humo hadi mwaka unaofuata. Hugeuka kipepeo humohumo ndani, na hapo inambidi atoke haraka kabla wenyeji hawajamshtukia.

Maji yalipopungua na kuacha matope, viwavi walijidondosha kama ilivyotarajiwa. Mama Vipepeo alilala kifudifudi juu ya ubao, kidevu karibu kiguse udongo, akamtazama mmoja wao tangu asubuhi. Hakuna aliyekuja kumpokea. Jioni alikuwa amekufa. Waliomzunguka walikuwa wamekufa pia.

“Labda sisimizi wana shughuli nyingine,” Kaka alisema aliposimuliwa. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakula.

Kesho yake Mama Vipepeo alifanya jaribio rahisi. Alivunja biskuti, akaweka makombo juu ya vipande vya karatasi kila sehemu ya shamba, na pakiti iliyobaki akaiacha kwenye ngazi ya baraza. Aliporudi kukagua, makombo ya shambani yalikuwa yamelowa na kuvimba, na hapakuwa na sisimizi hata mmoja. Pakiti ya kwenye ngazi ilikuwa nyeusi tititi, nayo ilikuwa inasogea.

“Kama ni hao unaowatafuta,” Wifi alisema, mkasi mkononi, “chukua wote. Sitaki hata asante.”

Mama Vipepeo aliwachukua wachache, akawaweka chini ya hadubini yake ya safarini juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kiuno chao kilikuwa na vifundo viwili, na mwiba mgongoni ulikuwa na umbo aliloliona kinamasini. Ni walewale. Kuanzia hapo maelezo yalikuwa mafupi. Sisimizi hao hujenga kwenye vinundu vyenye nyasi, juu kidogo ya maji. Shamba lilipolimwa, waliishi kwenye matuta. Pimamaji akayachonga matuta, maji yakaja, nao wakakusanya watoto wao na kupanda juu, wakahamia chini ya sakafu ya kufulia nguo nyuma ya nyumba. Toka hapo hadi kwenye sukari ni ukuta mmoja.

Alimweleza baba yake wakati wa chai.

“Baba, shamba limesawazika mno.”

Pimamaji aliweka kikombe chini. “Limesawazika mno,” alirudia, kama mtu anayejaribu neno la lugha ya kigeni. “Tangu nianze kazi hii sijasikia mtu akilalamikia hilo.”

“Nahitaji nundu.”

“Nundu.”

“Nyingi. Nyingine ndefu, nyingine fupi, zisiwe na mpangilio.”

“Mwanangu, omba kitu kingine. Omba ng'ombe.”

Hata hivyo, alijaribu. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi ilikuwa imeombwa na binti yake. Alifanya kazi siku nzima, na jioni akawaita wote waje kuona. Nundu zilisimama kwa safu, kila moja ikiwa mbali na jirani yake kwa kipimo kilekile, na vilele vyake vyote vilikuwa usawa mmoja. Alikuwa amevuta kamba. Hakukumbuka kuivuta, lakini kamba ilikuwa pale.

“Baba,” Wifi alisema, “hizi ni nundu, au ni mikate iliyotoka tanurini?”

Pimamaji alicheka kuliko wote, akajipigapiga mapajani. Ila Mama Vipepeo alilazimika kueleza kwa nini hazifai. Maji ya mvua hupanda na kushuka. Vilele vikiwa usawa mmoja, mvua moja kubwa huvizamisha vyote kwa pamoja, na sisimizi wote hufa au huhama siku moja. Urefu ukitofautiana, kila mara zipo nundu chache zinazofaa.

Pimamaji alijaribu tena huku akitazama kilimani ili jicho lisiingilie. Kufikia mchana nundu zilikuwa zimejipanga tena. Alichomeka koleo ardhini.

“Mkono haunisikii,” alisema. Kisha, akigeukia shamba la juu: “Yupo mtu mmoja.”

Hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Matuta ya kabichi ya shamba la juu yalikuwa yanajulikana hadi ng'ambo ya mto. Yalipinda, yakanenepa katikati, mengine yakakutana na kuendelea pamoja kama marafiki. Kila msimu Pimamaji alikuwa akisimama ukingoni na kumuuliza mwanawe ni nyoka gani aliyemchorea mstari.

Kaka alisikiliza ombi hilo akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Kwa hiyo mnaniita kwa sababu nalima vibaya.”

“Nakuita kwa sababu mimi siwezi,” Pimamaji akasema.

Sentensi hiyo Kaka hakuwahi kuisikia kutoka kwa baba yake, na ilionekana anaikagua pande zote. Wifi hakumpa nafasi ya kumaliza ukaguzi.

“Nenda, mwenzangu. Ukiwatoa wadudu hawa nyumbani kwangu, ile suruali yako nitaitengeneza leoleo.”

“Ile ya tangu mwaka jana?”

“Ileile. Nilikuwa nangoja sababu.”

Kaka akamgeukia dada yake. “Nikichimba, masharti ni yaleyale.”

“Yaleyale.”

“Usije baadaye ukasema kaka alinisaidia, kwa hiyo ameridhika.”

“Sitasema.”

Kaka alichimba kwa siku kadhaa za kiangazi. Hakuvuta kamba wala hakupima. Pale udongo ulipokuwa laini alitengeneza nundu kubwa, na pale ulipokuwa mgumu alitengeneza ndogo na kuendelea mbele. Mbili alizisahau katikati. Pimamaji alikaa ukingoni mikono nyuma, mkono mmoja umeshika kifundo cha mwenzake.

“Hiyo imeinama,” alisema.

“Ndiyo, baba.”

“Basi sawa.”

Mama Vipepeo alitembea kati ya nundu zile akipandikiza mabonge ya nyasi juu yake na miche ya maua ya zambarau kwenye miguu yake. Alisema ndivyo kinamasi kilivyo hasa, na kwamba hajawahi kuona mtu akikiiga vizuri namna hiyo. Kaka alisema asante, kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama amesifiwa.

Kisha wakahamisha sisimizi. Walinyanyua mabamba ya sakafu ya kufulia, na chini yake wakakuta viota, vyeupe kwa watoto. Walichota udongo wote kwa koleo bapa, wakaujaza kwenye makarai, wakayabeba hadi bondeni na kuuzika taratibu ndani ya nundu. Wifi alisindikiza kila karai hadi mwisho wa ua.

“Nendeni salama,” aliwaambia. “Na mwenye ndugu kabatini aje amchukue.”

Akawawekea sukari yake mwenyewe juu ya nundu, kijiko kimoja kila mahali, ili wasipate hamu ya kurudi. Baada ya wiki mbili makopo ya maji yaliondolewa kwenye miguu ya kabati. Suruali ilitengenezwa.

Msimu wa pili mvua zilikuwa nzito. Nundu fupi zilizama zote. Nundu ndefu zilibaki juu, na sisimizi walionekana wakipanda kutoka zile zilizozama kwenda zile zilizobaki, wamebeba watoto mdomoni. Asubuhi iliyofuata mvua kubwa kuliko zote, Kaka alikutwa bondeni akiongeza udongo kwenye nundu iliyomegwa na maji.

“Nilikuwa nimeshika koleo tu,” alimwambia dada yake.

“Sijauliza kitu, kaka.”

“Nakwambia kabla hujauliza.”

Vipepeo walikuja tena, wakataga, viwavi wakajidondosha. Safari hii, alasiri moja, Mama Vipepeo alimwita kaka yake. Wakalala wote wawili kifudifudi juu ya ubao. Kiwavi alikuwa ametulia kwenye matope. Sisimizi mmoja akaja, akampapasa kwa vipapasio, akazunguka, akaondoka, akarudi. Akamng'ata kiwavi kwa ulaini na kumnyanyua, ingawa kiwavi alikuwa mkubwa kuliko yeye, akambeba hadi kwenye ufa wa nundu na kuzama naye.

Kaka alifuta matope kidevuni. “Wameonewa,” alisema. “Amewadanganya mchana kweupe.”

“Umemwona?”

“Nimemwona akibebwa. Kubebwa si kuzaliwa.”

“Ni kweli,” alisema dada yake, na akakubali hivyo kwa sababu ilikuwa kweli. Kiwavi anaweza kufa kiotoni. Wengi hufa.

Msimu wa tatu Kaka aliandaa kitalu cha kabichi nyuma ya nyumba, akakiwekea kivuli cha majani na kukimwagilia asubuhi na jioni. Hakufanya haraka wala hakuchelewesha, na Mama Vipepeo, aliyechukua likizo yake yote kwa ajili ya wiki hizo, hakumlaumu kwa lolote. Alikuwa akipita kitaluni kila siku akienda bondeni. Miche ilikuwa na afya. Vipepeo wachache walikuwa wameshaonekana wakiruka juu ya maua, lakini hapakuwa na namna ya kuthibitisha walikotoka, na hakujaribu kudai.

“Ungepanda mbegu mbovu kidogo,” Wifi alimwambia mumewe mezani.

“Kabichi haina kosa,” Kaka alijibu.

Siku miche ilipokuwa tayari, alishuka bondeni alfajiri na kamba begani, na vigingi chini ya kwapa. Dada yake alikuwa ameshalala juu ya ubao wake, karibu na nundu ya mwisho upande wa mto.

“Nimekuja kupima tu,” Kaka alisema. “Kufukua ni kesho.”

“Pima, kaka. Makubaliano ni makubaliano.”

Alipigilia kigingi kimoja ukingoni, kingine mbele yake, kingine kwenye udongo laini chini ya nundu kubwa ya katikati, akainama kufunga kamba. Mikono yake ikasimama.

“Mdogo wangu,” aliita, kwa sauti ya chini sana. “Njoo. Usikimbie. Usitikise ardhi.”

Kutoka kwenye ufa wa nundu kitu kilikuwa kinatambaa, chenye miguu mirefu na mabawa yaliyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Sisimizi wawili walimng'ang'ania mgongoni. Walichopata kilikuwa ni unyoya laini wa mwili wake uliochomoka, na wakati wanahangaika nao midomoni yeye alisonga mbele. Alihitaji kitu kilichosimama ili aning'inie na kunyoosha mabawa. Nyasi za karibu zilikuwa zimelala kwa umande. Akaenda moja kwa moja kwenye kigingi cha Kaka, akakipanda hadi karibu na fundo la kamba, akatulia.

Kaka alikuwa bado ameshika ncha ya kamba, magoti nusu yamekunjwa.

“Nifanye nini?” akauliza.

“Usifanye kitu.”

“Mguu umekufa ganzi.”

“Uache ufe.”

Pimamaji aliwaona kutoka barazani wakiwa wameganda, akashuka. Wifi akamfuata, tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Mabawa yalianza kujaa kutoka mzizini kwenda ncha, mikunjo ikatoweka mmoja baada ya mwingine, na rangi ikaonekana. Pimamaji aliinama, akafumba jicho moja.

“Kigingi chako kimelala upande,” alimnong'oneza mwanawe.

“Baba.”

“Nasema tu.”

“Kaka,” alisema Mama Vipepeo, “umeona ametokea wapi?”

“Nimeona.”

“Sema, baba asikie.”

“Ametoka kwenye nundu. Nundu niliyoichimba mimi.” Kaka alimtazama baba yake. “Amezaliwa hapa.”

“Nimesikia,” Pimamaji akasema.

Jua lilipofika juu ya kilima, kipepeo alifungua mabawa, akayafunga, akayafungua tena, akapaa. Alipita juu ya kichwa cha Wifi, akashuka upande wa mto na kutua kwenye ua la zambarau. Kaka akanyoosha mguu, akafungua fundo, akaanza kung'oa vigingi.